Kinywa cha Mzee, Chakula Chake na Moyo Wake

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima

(Kabla ya somo kuanza, kiongozi wa kikundi aandike ubaoni maneno haya kwa herufi kubwa: UFIZI, UKOGA, MATE, LISHE, SONONA. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili.)

MTANGAZAJI: Haya ndiyo masomo yenu ya watu wazima. Leo twawasalimu hasa wanafunzi wa Nakwa, mjini Babati, karibu na ziwa. Wekeni madaftari tayari. Mwalimu, karibu.

MWALIMU: Asante. Hamjambo nyote. Na wazee wangu mlio darasani, shikamooni.

Miongoni mwenu wamo waliokaa kuizunguka redio mwaka 1973, wakati wa kampeni ya Mtu ni Afya. Watu wapatao milioni 2 nchini Tanzania walijiunga na vikundi vya kusikiliza wakati ule, wakajifunza habari za malaria, kichocho, minyoo na kifua kikuu. Mwaka 1975 ikafuata kampeni nyingine, Chakula ni Uhai. Basi fanyeni hesabu. Aliyekuwa kijana wa miaka 25 katika kikundi cha mwaka 1973 sasa ameshapita miaka 70. Somo la leo linamhusu yeye, na linawahusu wote wanaoishi naye nyumba moja.

Tutazungumza mambo matatu: kinywa cha mzee, chakula chake, na hali ya moyo wake. Watu wengi huyatazama mbalimbali. Jino likiuma, wasema ni jino. Mzee akikonda, wasema ni uzee. Akinuna na kukaa peke yake, wasema amekuwa mkali. Lakini mara nyingi mambo hayo matatu ni jambo moja. Sikilizeni mazungumzo haya. Ni ya kubuni, ila nadhani wengi wenu mmepata kuyasikia nyumbani.

MJUKUU: Shikamoo, Bibi.

BIBI: Marahaba, mjukuu wangu.

MJUKUU: Mama amesema nikuite. Makande yameiva, watu wote wamekaa.

BIBI: Mwambie nimeshiba.

MJUKUU: Umekula nini, Bibi? Tangu asubuhi nimekuona na kikombe cha chai tu.

BIBI: Hiyo chai yanitosha. Mtu mzima hali sana.

MJUKUU: Jana pia ulisema hivyo. Na juzi, siku ile ya kuku.

BIBI: Wewe mtoto una maswali! Nenda ukale, makande yatapoa.

MWALIMU: Bibi huyu hakushiba. Ana njaa. Amebakiwa na meno saba, na mawili kati ya hayo yanatikisika. Punje ya mahindi ikigusa jino bovu, maumivu humpanda mpaka sikioni. Tena huona haya. Wengine wakimaliza sahani, yeye bado anahangaika na tonge la kwanza, na watoto wanamtazama. Kwa hiyo amechagua kusema ameshiba.

Sasa tuangalie mlango wa kwanza, yaani kinywa. Mtu mzima aliyekamilika ana meno 32. Ya mbele hukata, na magego ya nyuma husaga kama mawe ya kusagia. Jiwe moja peke yake halisagi kitu. Lazima la juu likutane na la chini. Kwa hiyo usihesabu tu meno yaliyobaki, tazama kama yanakutana. Mzee mwenye meno kumi yasiyokutana hutafuna vibaya kuliko mwenye manane yanayokutana. Wataalamu husema mtu mwenye meno 20 au zaidi aweza kula karibu chakula chochote. Huko Japani, tangu mwaka 1989, serikali na chama cha madaktari wa meno wamekuwa wakiwahimiza watu wafikie umri wa miaka 80 wakiwa na meno yao 20. Walipoanza, ni wazee wachache walioweza kufikia hapo. Siku hizi ni wengi. Mambo hayo yatufundisha kwamba meno hayaanguki kwa sababu ya uzee. Huanguka kwa sababu ya maradhi, na maradhi hayo yanazuilika.

Maradhi yenyewe ni mawili hasa. La kwanza ni jino kuoza. Vijidudu vilivyomo kinywani hula sukari, kisha hutoa asidi inayolitoboa jino. Kwa mzee, ufizi umeshuka na shina la jino liko nje. Shina halina ganda gumu kama lile la juu ya jino, kwa hiyo huoza upesi. Mzee anayekunywa chai ya sukari kidogo kidogo kutwa nzima anavilisha vijidudu hivyo kutwa nzima.

La pili ni ugonjwa wa fizi, nao huja kimya kimya. Someni neno la pili ubaoni: UKOGA. Ukoga ni ule utando laini unaoshika kwenye meno usiposwaki. Ukiachwa, hugeuka mgumu kama chokaa. Ufizi huvimba, hutoka damu, na mwisho mfupa unaolishika jino huliwa. Jino zima, lisilo na tundu lolote, huanza kutikisika kama mti ulioondolewa udongo. Mtu mwenye ugonjwa wa kisukari hupata ugonjwa huu zaidi, na fizi zikiwa mbaya, sukari yake huwa ngumu kutawaliwa. Kwa ajili hiyo, mzee mwenye kisukari akaguliwe na kinywa pia.

Neno la tatu ni MATE. Tunayadharau, lakini mate hulainisha chakula, huanza kukimeng'enya, tena huyaosha meno mchana kutwa. Baadhi ya dawa, kama zile za shinikizo la damu, za usingizi na hata baadhi ya dawa za sonona, hupunguza mate. Kinywa kikikauka, ugali hushika kooni na meno huoza haraka. Mzee asiache dawa yake kwa sababu hiyo. Amwambie daktari, anywe maji mara kwa mara, na apunguze sukari.

Sasa mlango wa pili: chakula. Hebu fikirini, mzee asiyeweza kutafuna huacha nini? Huacha nyama, makande, karanga, mboga zenye nyuzi, mahindi ya kuchoma, matunda magumu. Hubaki na nini? Uji mweupe, ugali na mchuzi, na chai. Tumbo hujaa, lakini vyakula vya kujenga mwili na vya kuulinda vimeondoka karibu vyote. Hapo ndipo watu hudanganyika, maana mzee anaonekana anakula. Mwili usipopata vyakula vya kuujenga huanza kujila wenyewe. Huila misuli. Miguu hulegea, kiti huwa kigumu kukiacha, na kuanguka kunakuwa karibu. Damu nayo hupungua akikosa madini ya chuma. Iko pia vitamini iitwayo B12, inayopatikana katika nyama, samaki, mayai na maziwa. Mtu akiikosa kwa muda mrefu huchoka, huhisi ganzi miguuni, husahau, na moyo wake huwa mzito bila yeye kujua sababu. Vilevile folati, iliyomo katika mboga za majani na katika mbaazi na maharage.

Naam, hapo tumekwisha fika mlango wa tatu.

Someni neno la mwisho ubaoni: SONONA. Kila mtu hupata huzuni. Sonona ni huzuni iliyokaa. Mtu hupoteza furaha ya mambo aliyoyapenda, usingizi huruka, mwili huchoka, chakula hakina ladha, na hali hiyo hupita wiki mbili bila kwisha. Kwa wazee mara nyingi hawasemi, “Nina huzuni.” Husema, “Mwili wote wauma,” au, “Sina hamu.” Sisi tukasikia uzee tu.

Kinywa huingiaje hapo? Kwanza kwa maumivu; jino linalouma usiku humnyima mtu usingizi, na asiyelala hana raha. Pili kwa njaa ile niliyoieleza. Tatu, na mimi naona hili ndilo kubwa, kwa aibu. Kula kwetu ni kukaa pamoja. Aliyeacha kula pamoja na watu ameacha pia kusikia habari, kucheka, kuulizwa ushauri. Mzee mwenye pengo au harufu ya kinywa huanza kuziba mdomo kwa mkono akiongea. Kisha hupunguza kuongea. Kisha haendi harusini wala kikaoni.

Na mambo hurudi nyuma pia. Mzee mwenye sonona hana hamu ya chakula, wala hana nguvu ya kushika mswaki. Ukoga huzidi, fizi huvimba, kula huwa kugumu zaidi, na huzuni huongezeka. Ni kama ng'ombe azungukaye kigingi kwa kamba fupi. Lakini nisiwadanganye: wataalamu waliowachunguza wazee katika nchi nyingi wameona kwamba mambo haya huandamana, ila hawasemi kwamba pengo peke yake huleta sonona. Kufiwa, ukiwa, umaskini na maradhi ya muda mrefu vina nguvu kubwa. Ninalowaambia ni kwamba kinywa ni sehemu ya kamba hiyo tunayoweza kuishika kwa mkono.

MTANGAZAJI: Mwalimu, kabla hujaendelea. Watu wa sehemu za kaskazini watauliza habari za meno ya rangi ya kahawia. Wengi wanayo tangu utoto.

MWALIMU: Swali zuri, na lina haki ya kupewa nafasi. Katika mikoa ya Arusha, Kilimanjaro na Manyara, visima na chemchemi nyingi zina madini yaitwayo floraidi kwa wingi, kwa sababu maji hupita katika miamba iliyotokana na volkeno. Shirika la Afya Duniani limeweka kiasi kisichozidi miligramu 1.5 katika lita moja ya maji ya kunywa. Mtoto akinywa maji yenye kiasi kikubwa kuliko hicho wakati meno yake yangali yanaumbwa ndani ya taya, meno hutoka na madoa meupe au ya kahawia. Kwa hiyo rangi ile ni alama ya maji aliyokunywa mtu utotoni. Si uchafu. Si uvivu wa kuswaki. Na meno yenye rangi hiyo hayakuoza kwa sababu ya rangi. Mengi yana nguvu na hutafuna vizuri, ijapokuwa yaliyoathirika sana huweza kumeguka.

Nasema haya kwa makusudi, maana nimeona watu wazima wakiyasugua kwa mchanga na mkaa ili yawe meupe. Rangi imo ndani ya ganda la jino, haitoki. Kinachotoka ni ganda lenyewe. Na nimeona wazee waliofunika tabasamu zao kwa kiganja maisha yao yote kwa sababu ya kuchekwa siku walipokwenda miji ya mbali. Mzee wa namna hii akianza kupoteza meno, aibu ya pili huikuta ya kwanza iko tayari.

Mtu aweza kuuliza: ikiwa floraidi iliharibu rangi ya meno, mbona imo katika dawa ya mswaki? Jibu ni kwamba kiasi na wakati ni tofauti. Meno ya mtu mzima yamekwisha umbwa, hayawezi kupata madoa mapya. Ile kidogo iliyomo katika dawa hufanya kazi nje ya jino, huliimarisha lisioze. Tema, usimeze.

Tena kuna jambo la jikoni. Magadi! Wapishi wengi hutia magadi katika makande na maharage ili yaive upesi na kuwa laini, na mpishi mwenye huruma humtilia mzee zaidi, kwa kuwa hana meno. Nia ni njema. Lakini magadi huweza kuwa na floraidi nyingi, na uchunguzi uliofanywa hapa Tanzania umeonyesha kwamba yamechangia madoa ya meno ya watoto. Chungu ni kimoja; alacho bibi ndicho alacho mtoto wa miaka mitatu. Kwa bibi mwenyewe, magadi yana chumvichumvi isiyomfaa mwenye shinikizo la damu, na huharibu vitamini B1 iliyomo katika maharage. Ikiwa ni floraidi ya maji, msidhani kuchemsha kutaiondoa. Maji hupungua kwa mvuke, floraidi hubaki. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, kimefanya kazi ya kuchuja floraidi kwa kutumia mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Maji ya mvua karibu hayana floraidi kabisa.

Basi tupike nini? Babati ni nchi ya mbaazi. Mbaazi kavu ziloweke tangu jioni, asubuhi umwage maji yale, kisha uzichemshe taratibu chungu kikiwa kimefunikwa. Zitalainika bila magadi, ila zataka subira. Makande hayo hayo, mkishapika, chukua fungu la mzee ulitie katika kinu, upondeponde, urudishe kwenye mchuzi kidogo. Ni makande yale yale ya watu wote. Hili ni la maana kuliko mnavyofikiri. Mzee akipewa uji wa peke yake katika bakuli la mtoto, hata ukiwa na lishe bora, amekwisha ambiwa kwamba si mmoja wa walaji. Apewe chakula cha nyumbani, kilicholainishwa, akae pamoja nao, na asiharakishwe.

Ziwa lenu lina perege na kambale. Samaki aliyechemshwa hahitaji magego, lakini mwiba aondolewe kwa makini. Dagaa wakavu waweza kukaangwa bila mafuta, wakatwangwa kuwa unga, kijiko kimoja kikatiwa katika mboga. Nyama ichemshwe mpaka iachane, kisha itwangwe. Yai, maziwa mgando, karanga zilizosagwa katika uji wa ulezi, parachichi, papai, ndizi mbivu; vyote hivi havina ugomvi na fizi. Mchicha, mnafu na majani ya maboga yakatwe madogo sana kabla ya kupikwa. Na mzee ale akiwa amekaa wima, asije akapaliwa.

Kinywa chenyewe kisafishwe mara mbili kwa siku, na ile ya usiku isikosekane. Mswaki wa dukani uwe laini. Mswaki wa mti wafaa pia, mradi ncha itafunwe mpaka iwe kama brashi, isichome fizi. Mzee ambaye vidole havishiki vizuri, zungushieni kitambaa kwenye mpini wa mswaki uwe mnene. Aliyebaki bila jino hata moja naye asafishe fizi na ulimi kwa kitambaa laini chenye maji. Damu ikitoka ufizini, watu huacha kuswaki mahali pale. Sivyo, pale ndipo panapotaka kusafishwa kwa upole zaidi.

Meno ya bandia ni kitu kizuri, na wala si anasa. Lakini lazima yapimwe kinywani mwa mwenyewe. Msirithishane meno ya marehemu, maana taya hazifanani, nayo yatachubua. Usiku yavuliwe, yasuguliwe kwa mswaki, yalazwe katika maji baridi safi. Maji ya moto huyapinda.

Wengi wetu huenda kwa daktari wa meno siku ya kung'oa tu. Desturi hii ndiyo inayotujaza mapengo, maana jino ambalo lingezibwa huachwa mpaka lisiweze kuponywa. Kwa watu wa Nakwa safari si ndefu: Hospitali ya Mrara na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa wa Manyara zote ziko hapo hapo Babati. Ulizeni kitengo cha kinywa na meno. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliweka kwamba mzee ni mwenye miaka 60 na zaidi, na kwamba wazee wasio na uwezo watibiwe bila malipo. Nendeni ofisi ya mtaa mkaulize utaratibu uliopo sasa na karatasi zinazotakiwa, kabla ya kwenda hospitali.

Yako mambo yasiyongoja. Kidonda kinywani kisichopona kwa wiki mbili, au doa jeupe au jekundu lisilofutika, hasa kwa mtu atumiaye ugoro au tumbaku, huenda ni mwanzo wa saratani. Uvimbe wa taya wenye homa. Mzee anayepungua mpaka nguo zamwanguka. Na mzee anayesema ni heri afe. Msimcheke wala msimkemee, kaeni naye na mumpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Sonona ina matibabu, hata kwa mwenye miaka 80.

Sasa kazi ya wiki hii. Kila mwanafunzi amwulize mzee mmoja wa nyumbani swali hili, kwa adabu na wakiwa peke yao: “Ni chakula gani ulichokipenda zamani, ambacho sasa huli?” Akijibu, mwulize kwa nini. Andika daftarini jina la chakula hicho na ile sababu, kwa maneno yake mwenyewe. Walio wazee darasani wajiandikie wao wenyewe. Juma lijalo mtasomeana, na kikundi kitafikiri namna ya kukipika chakula kile ili mwenyewe aweze kukila.

Kiongozi, sasa zima redio ufungue mazungumzo. Anza kwa kuwauliza: yule mjukuu angemjibu nini bibi yake?

MTANGAZAJI: Somo lijalo litahusu kuvuna maji ya mvua kutoka kwenye bati. Njooni na rula na penseli.